Intanishipu kwenye mashirika makubwa ya misaada: mwanagenzi anajifunza nini hasa?

#1 Kiwimbi

Wakuu, salamu. Nina swali, na naliambatanisha na madai ili mnibishie.

Mimi ni mwanagenzi kwenye shirika kubwa la misaada, la yale yenye ofisi katika nchi nyingi. Nimekaa muda wa kutosha kuona ripoti ya robo mwaka ikianza hadi ikatumwa kwa mfadhili. Mpaka leo sijakutana na mtu hata mmoja anayesaidiwa na shirika hili. Ninachokutana nacho ni majedwali: kaya ngapi, waliohudhuria mafunzo wangapi, kati yao wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi. Asubuhi nasafisha takwimu, mchana naandika kumbukumbu za kikao, jioni napanga picha na kuziwekea maelezo. Wenzangu ofisini ni watu wema na sinyanyaswi. Ila niliomba nafasi hii nikitaka kujua mtu anasaidiwaje, na hilo bado silijui.

Madai yangu ni haya: shirika likishakuwa kubwa, mwanagenzi anafundishwa kuripoti, kusaidia hafundishwi. Waliopitia, ni mimi tu au ndivyo ilivyo kote? Na kama ndivyo, chanzo ni nini?

#2 Mama Ripoti

Karibu, mdogo wangu. Nimefanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini kwa miaka mingi, na nilianzia hapo hapo ulipo.

Nakupinga jambo moja. Hayo majedwali unayaona kama ukuta kati yako na watu, lakini shirika kubwa halina jicho lingine la kuwaonea watu wake. Kaya mia moja mratibu mzuri anaweza kuzijua kwa majina. Kaya laki moja hawezi, hata akiwa malaika.

Chukua maji. Kuna mwongozo unaitwa Sphere, ulioanzishwa na mashirika yenyewe mwaka 1997, na toleo lake la nne lilitoka 2018. Unasema wakati wa dharura kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250, foleni isizidi dakika 30, na choo cha pamoja kisizidi watu 20. Mwanagenzi anaposafisha takwimu akakuta kambi fulani imeshuka hadi lita 11, hapo amemwona mama ambaye leo itabidi achague kati ya kupika na kuwaogesha watoto. Sasa kama umeletewa safu ya namba bila mtu kukueleza zinapimwa dhidi ya nini, lazima zikuchoshe. Hilo namlaumu msimamizi wako, ukubwa wa shirika hauhusiki.

#3 Tambarare

Mama Ripoti kasema vizuri, ila swali la kwanza kwangu ni nani anapata nafasi ya kuyaona hayo majedwali.

Nafasi nyingi za namna hii hazina mshahara. Zenye posho, posho yenyewe inaishia kwenye nauli. Anayeweza kukaa nusu mwaka bila kipato ni yule mwenye watu wa kumlipia pango. Huyo akimaliza anatoka na barua ya uzoefu, kisha kazi zinatangazwa kwa wenye uzoefu tu. Mwenzake mwenye akili kuliko yeye alikuwa anauza duka usiku na mchana kulisha wadogo zake, hana barua. Matokeo yake mashirika yanayopigania usawa yanaajiri tabaka lile lile mwaka hadi mwaka, halafu tunashangaa kwa nini maofisa wake hawajui umaskini mpaka wausome kwenye dodoso.

Mnamkumbuka yule kijana aliyelala kwenye hema Geneva? Shirika la hisani linahubiri haki za binadamu na mwanagenzi wake analala nje! Haya mengine yanafuata baadaye.

#4 Bwana Rejea

Tambarare, turekebishe kidogo. Kijana huyo ni David Hyde wa New Zealand, mwaka 2015, akiwa na miaka 22, na alikuwa mwanagenzi wa Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa ni chombo cha serikali wanachama, haumo kwenye kundi la mashirika ya hisani. Alijiuzulu Agosti mwaka ule baada ya habari zake kusambaa duniani.

Halafu hata ndani ya Umoja wa Mataifa hali hailingani. Shirika la Kazi Duniani lina utaratibu wa kuwalipa wanagenzi wake posho. Shirika la Afya Duniani lilianza 2020. Sekretarieti, yaani ofisi kuu za Umoja wa Mataifa wenyewe, ndiyo iliyojulikana kwa kutolipa. Hoja yako ya tabaka naiunga mkono, nataka tu isimame kwenye miguu yake.

#5 Tambarare

Nimepokea, Bwana Rejea. Hema libaki la Umoja wa Mataifa. Hoja inabaki yangu.

#6 Mtunza Stoo

Nitatoa kisa cha upande wa pili, kwa sababu naona wote mnaongea kutoka ofisi zenye zulia.

Mimi nilikuwa mwanagenzi upande wa ugavi, kwenye ofisi ndogo ya nje ya shirika kubwa. Kazi yangu ilikuwa kupokea malori, kulinganisha mzigo na hati ya usafirishaji, kujaza kadi ya stoo, kuhesabu mablanketi na sabuni, kutenga vilivyolowa, na kuhakikisha kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Mlezi wangu alikuwa mtunza stoo mtu mzima, hana shahada. Sijawahi kufundishwa na mtu vizuri kama alivyonifundisha yeye.

Siku moja liliingia lori la mablanketi, hesabu ikawa pungufu ya hati. Dereva anataka saini aondoke. Watu wa mgao wako getini tangu alfajiri. Kila mtu anamwambia mzee asaini tu, tofauti ni ndogo. Akakataa mpaka tofauti ikaandikwa juu ya hati, dereva akasaini na yeye akasaini, ndipo geti likafunguliwa. Baadaye akanieleza: pungufu isipoandikwa getini itaonekana ndani ya stoo, na ikionekana ndani ya stoo anayetafutwa ni sisi, na mwezi ujao mablanketi yatapungua zaidi kwa sababu wameshajua hatuhesabu. Mtu wa mwisho kwenye foleni ndiye atakayelala na baridi. Kumbe karatasi ile ilikuwa inamlinda mtu wa mwisho kwenye foleni.

Sasa Kiwimbi, unataka kukutana na wanaosaidiwa. Mimi nilikutana nao kila siku ya mgao. Unamwona mtu kwa muda ule anaoweka dole gumba kwenye orodha, anachukua mzigo wake, anaondoka. Kumjua hakuna. Nilijua zaidi habari zao kutoka kwa vibarua wa kupakua, ambao walikuwa majirani zao, kuliko kutoka kwenye mgao wenyewe.

#7 Kiwimbi

Mtunza Stoo, asante sana. Hilo la mtu wa mwisho kwenye foleni limenigusa. Lakini unaona kilichotokea: wewe ulipata mlezi aliyekueleza sababu ya karatasi. Mimi naambiwa tu "ikamilishe kabla ya saa kumi". Mama Ripoti anasema ni kosa la msimamizi. Basi kwa nini wasimamizi wa mashirika makubwa wako hivyo? Wangu ana moyo mzuri, nakuapia. Hana muda tu.

#8 Hesabu Kamili

Mnazunguka mbuyu. Mimi ni mhasibu wa miradi, jibu liko kwenye bajeti.

Sehemu kubwa ya fedha za mashirika haya huja na masharti. Mfadhili akitoa za visima, ni za visima. Mwanagenzi hayumo kwenye visima. Anaangukia kwenye gharama za uendeshaji, na hapo ndipo kila mfadhili anapobana. Umoja wa Ulaya kwa kawaida unaruhusu hadi asilimia 7 kwa gharama zisizo za moja kwa moja. Serikali ya Marekani, kwa shirika lisilo na kiwango lilichokubaliana nayo, iliweka asilimia 10 kuanzia mwishoni mwa 2014, ikaipandisha hadi 15 Oktoba 2024. Humo utoe pango, umeme, mhasibu, ukaguzi wa nje, mifumo ya kompyuta, na rasilimali watu. Posho ya mwanagenzi itatoka wapi?

Na msimamizi naye muda wake unauzwa. Afisa miradi anajaza fomu ya saa za kazi: saa hizi mradi wa lishe, saa zile mradi wa maji. Hakuna mstari wa "nilimweleza Kiwimbi kwa nini tunakusanya takwimu hizi". Akifanya hivyo anaiba muda wa mfadhili au wa familia yake. Wengi wanachagua wa familia, ndiyo maana unawaona wana moyo mzuri na macho mekundu.

Wafadhili wakikubali kulipia uendeshaji kwa haki, utaona mabadiliko.

#9 Mama Ripoti

Hesabu Kamili, nakuheshimu, ila maelezo yako hayafiki mwisho. Madaktari Wasio na Mipaka wanapata zaidi ya asilimia 90 ya fedha zao kwa watu binafsi na taasisi binafsi. Mwaka 2016 walitangaza kutopokea tena fedha za Umoja wa Ulaya na nchi wanachama wake, kwa kupinga sera za wahamiaji. Hawana mfadhili wa kuwabana namna hiyo. Je, wanampeleka mwanagenzi asiye na uzoefu kwenye hospitali ya vita? Hapana. Kwa kawaida wanataka mtu aliyekwisha fanya kazi yake kwingine kwanza.

Tazama na BRAC, shirika la maendeleo lililoanzishwa Bangladesh mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed. Ina biashara zake zinazochangia mapato. Nayo ina taratibu, ina fomu, ina ngazi. Ukiwa mkubwa unahitaji namna ya kujua mkono wako wa mbali unafanya nini. Wafadhili wanaongeza uzito, nakubali, lakini hata wakiondoka wote mzigo hautakwisha.

#10 Hesabu Kamili

Mashirika hayo mawili umeyachagua kwa sababu ni ya kipekee. Mengine yote yaliyobaki yanaishi ninavyosema mimi.

#11 Zumaridi

Hodi. Nimesoma kuanzia #1, naona kuna jambo hamjaligusa: ulinzi wa wanaosaidiwa dhidi yetu sisi.

Februari 2018 habari zilipotoka kwamba wafanyakazi wa Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, walikuwa wamenunua ngono nchini Haiti, sekta nzima ilitikisika. Taratibu zilikuwepo kabla ya hapo, lakini baada yake zilikazwa: ukaguzi wa historia ya mtu, mafunzo ya lazima, marufuku ya kuwa peke yako na mtoto, njia za siri za kupeleka malalamiko. Mwanagenzi wa muda mfupi ni mtu ambaye shirika halimjui vizuri. Kwa nini apelekwe kukaa na watu walio kwenye hali dhaifu kuliko zote, kwa ajili ya yeye kujifunza? Kiwimbi, nasema kwa upendo: mtu aliyepoteza nyumba yake hana deni la kukufundisha kazi. Kukuweka mbali naye ni sehemu ya kumsaidia.

Niongeze la picha, kwa kuwa umesema unazipanga. Mimi nilikuwa mwanagenzi wa mawasiliano kwenye shirika ambalo sitalitaja. Ghala la picha lilikuwa na maelfu, na nyingi hazikuwa na fomu ya ridhaa. Kulikuwa na binti mmoja ambaye picha yake ilikuwa imetumika kwenye kampeni ya njaa, ya elimu, na ya mafuriko, miaka tofauti. Kwa vyovyote alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Nikauliza kama anajua. Nikaambiwa picha inafanya kazi vizuri. Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema wazi, kwenye kifungu cha 10, kwamba katika habari na matangazo waathirika waonyeshwe kama watu wenye utu. Kila mtu ofisini alikuwa amesaini kuzifuata.

Kwa hiyo kazi ya kuandika maelezo ya picha usiidharau. Ukikuta picha haina ridhaa, itenge, iandikie, umuulize aliye juu yako kwa barua pepe. Hapo mwanagenzi ana nguvu kuliko anavyodhani.

#12 Mtunza Stoo

Zumaridi amenipa la kufikiria. Ila ulinzi huo huo unatumika pia kama kisingizio. Nimeona ziara za wafadhili wakubwa, watu kumi na kamera zao, wanaingia hadi chumbani kwa mgonjwa. Hao historia zao zilikaguliwa lini?

#13 Zumaridi

Hapo sina utetezi. Nao walipaswa kukaguliwa.

#14 Nyota ya Jaha

Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi nilikuwa dawati la wachangiaji, nafasi ambayo wanagenzi wengi huikwepa wakidhani ni kupokea simu tu.

Ni kweli unapokea simu. Lakini wanaopiga! Mtu anapiga kusitisha mchango wake wa kila mwezi kwa sababu amefiwa na mumewe na hesabu hazitoshi tena, anaomba radhi kana kwamba ametukosea. Mwingine anauliza atuandikeje kwenye wosia. Mwingine anafoka kwamba tumemtumia barua mbili za aina moja na kupoteza fedha zake. Huyu wa tatu nilikuja kumheshimu sana. Alikuwa anasoma kila ripoti yetu ya mwaka, na maswali yake yalikuwa makali kuliko ya wakaguzi.

Hapo nilijifunza kwamba shirika kubwa limebebwa na watu wengi wenye michango midogo, ambao hawatawahi kumwona wanayemsaidia, na wanaendelea kutoa. Kiwimbi unalalamika hujamwona mnufaika. Wao hawajamwona kwa miaka ishirini na hawajakata tamaa.

#15 Kiwimbi

Dada Nyota, nimekuelewa, lakini kuna tofauti. Wao wanatoa fedha na kuamini. Mimi natayarisha ile ripoti wanayoiamini. Ndiyo maana nataka kujua kama ni ya kweli.

#16 Mama Ripoti

Sasa umesema jambo. Mtu anayeuliza hivyo atakuwa mtathmini mzuri.

#17 Tambarare

Turudi kwenye malipo, maana naona yanasahaulika kila mara. Uingereza sheria inakataza kumfanyisha mtu kazi bila kima cha chini. Kwa nini mashirika ya hisani ya kule bado yana watu wa bure?

#18 Bwana Rejea

Kwa sababu sheria ile ile imewaachia mlango. Sheria ya kima cha chini ya mwaka 1998, kifungu cha 44, inamtoa nje "mfanyakazi wa kujitolea" wa shirika la hisani, mradi asilipwe zaidi ya kurudishiwa gharama halisi, au kujikimu kwa mipaka fulani. Kampuni ya biashara haina mlango huo. Marekani nako mwongozo wa Wizara ya Kazi wa 2018, unaopima nani ananufaika zaidi kati ya mwanagenzi na mwajiri, unahusu kampuni za faida. Kwa mashirika ya hisani, anayejitolea bila kutarajia malipo kwa ujumla anaruhusiwa.

Kwa hiyo sheria inamlinda mwanagenzi wa benki vizuri kuliko mwanagenzi wa shirika la watoto yatima.

#19 Tambarare

Hilo tu lingetosha kufunga mjadala.

#20 Hesabu Kamili

Halifungi. Ukilazimisha malipo bila kubadili bajeti, nafasi zitafutwa. Utakuwa umeleta usawa wa wote kukosa.

#21 Tambarare

Nafasi chache zinazolipwa na kushindaniwa kwa haki ni bora kuliko nyingi za wenye wazazi wenye uwezo. Hapo hatutakubaliana, mkuu.

#22 Mpita Njia

Samahani nimechelewa. Mambo mengi hapa ni ya kabla ya 2025. Januari 20 mwaka ule Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikuwa imefunga shughuli zake kama chombo kinachojitegemea. Mashirika mengi yaliyotegemea fedha zile yalipunguza watu kwa mkupuo.

Nilikokuwa, mwanagenzi ambaye mwanzoni alikuwa anapiga nakala alijikuta anasimamia kanzidata ya mradi mzima, kwa sababu ofisa wake alipewa barua ya kuondoka. Alijifunza mengi, hakuna ubishi. Pia alikuwa anafanya kazi ya mtu aliyefukuzwa kwa posho ya nauli, na yule aliyefukuzwa alikuwa anampigia simu jioni kumwelekeza, bila kulipwa, kwa sababu hakutaka takwimu za watu wale zipotee. Sijui nani kati ya hao wawili aliumia zaidi.

Kwa hiyo Kiwimbi, kabla ya kuomba majukumu makubwa, uliza yalikuwa ya nani.

#23 Mtunza Stoo

Dah. Mpita Njia umepita na kisu.

#24 Kiwimbi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Leo nilimwomba msimamizi anipe hadidu za rejea za nafasi yangu. Kumbe zipo, na zimeandikwa kwamba mwanagenzi "atashiriki ziara ya ufuatiliaji". Amesema kuna ziara mwezi ujao, nami niende kama mwandika kumbukumbu wa majadiliano ya vikundi. Niulize nini nikifika? Na baada ya aliyoyasema Zumaridi, nina haki ya kwenda?

#25 Zumaridi

Nenda. Umepewa kazi mahususi, una mwenyeji, na wenyewe wameambiwa mnakuja. Usiulize lolote nje ya dodoso kuhusu maisha ya mtu. Usipige picha. Mtu akikueleza jambo zito, hasa la kudhulumiwa, usilichimbe. Mpe mratibu wa ulinzi siku hiyo hiyo.

#26 Mama Ripoti

Beba jedwali lako la robo iliyopita. Chagua namba moja uliyoisafisha mwenyewe, labda ya waliohudhuria mafunzo. Ukifika muulize mhamasishaji wa kijiji orodha ile ilijazwaje: nani aliita majina, saa ngapi, aliyechelewa aliandikwa au la. Utajua mengi kuhusu ripoti yako kuliko ukiwauliza watu kama wamefurahia mradi. Watakujibu wamefurahi. Mmekuja na gari la shirika, ulitarajia waseme nini?

#27 Mtunza Stoo

Na muda wa chakula usikae na wageni wenzako. Kaa na dereva na vibarua.

#28 Hesabu Kamili

Akikaa na dereva ahakikishe stakabadhi ya mafuta imeandikwa jina la shirika, maana marejesho ya masurufu yakija bila hiyo mimi nayarudisha.

#29 Tambarare

Na uulize dereva analipwa kiasi gani kwa siku ya ziara, kisha ulinganishe na posho yako. Ukirudi utuambie kama bado unamwamini Hesabu Kamili.